Mikumi wikiendi: jinsi ya kwenda na kumuona simba kweli

Jamani hili swali naulizwa kila zikikaribia sikukuu, nataka kuwapeleka watoto wakaone simba naanzaje, na wengi wakisikia mbuga za wanyama kichwani inakuja Serengeti, ndege, hoteli za dola, wanakata tamaa palepale. Anza na Mikumi. Iko mkoa wa Morogoro, kilomita 283 toka Dar, lami mpaka getini, imekuwa hifadhi ya taifa tangu 1964 na ina kilomita za mraba 3,230, simba wapo, tembo wapo, twiga ndo usiseme. Mimi nimeshaenda mara saba sasa, mara mbili za mwanzo sikuona simba hata mkia na sababu naijua kabisa, nitaieleza huko chini maana ndo hasa iliyonifanya nikae niandike haya yote.

Tuanze na usafiri. Kama huna gari usihangaike, tangu treni ya SGR ianze safari za Moro mwezi Juni 2024 mambo yamekuwa mepesi, chini ya masaa mawili umeshafika, unachukua bajaji mpaka stendi ya Msamvu, pale unapanda gari la Mikumi au basi lolote la Iringa, Mbeya au Ifakara yote yanapita njia hiyohiyo. Au panda basi moja kwa moja toka Mbezi. Ila hapa sikiliza vizuri, geti kuu la hifadhi na Mikumi mjini ni sehemu mbili tofauti. Ukitokea Moro unaanza kulipita geti, alafu kama kilomita 20 na kitu mbele ndo unafika mjini kwenye gesti na wachoma nyama, kwahiyo mwambie konda mapema unashuka wapi, usije ukashushwa getini jioni na mabegi huna pa kulala. Na omba siti ya dirishani maana hii barabara ya kwenda Zambia inakatiza ndani ya hifadhi kwa takriban kilomita 50, utaona twiga, pundamilia, swala pala, nyani na siku nyingine tembo ukiwa umekaa tu ndani ya basi na kiingilio hujalipa.

Panga ufike mchana, usipite kile kipande usiku kama unaweza kuepuka, nitarudi hapo.

Kulala kuna njia mbili. Mjini kuna gesti za bei ya kawaida kabisa, unalala, unaamka, gari linakufuata. Ndani ya hifadhi TANAPA, yaani shirika la hifadhi za taifa, wana mabanda yao na sehemu za kupiga hema, alafu kuna kambi na loji za watu binafsi kwa wenye uwezo zaidi. Kama mfuko unaruhusu lala ndani hata usiku mmoja tu, kwa sababu kwanza alfajiri unakuwa tayari upo, pili usiku utasikia vitu ambavyo siwezi kukuandikia hapa vikaeleweka. Sauti ya simba inasafiri mpaka kilomita 8, sasa fikiria yuko kilomita moja na wewe umelala kwenye hema. Unaisikia kifuani kabla ya masikioni. Mara ya kwanza kuisikia mke wangu aliniminya mkono mpaka kesho yake ulikuwa na alama, wala hakuna aliyelala tena, tulikaa tu kimya tunasikiliza mpaka kukakucha na mpaka leo ndo kitu anachokisimulia kuliko picha zote tulizopiga.

Gari la kuingilia. Ukiwa na gari lako lililo juu kidogo, RAV4, Prado, vitu vya hivyo, na ni kiangazi, ingia nalo tu ila mchukue mwongozaji pale getini akae na nyie, hiyo hela usiibanie. Kama ni gari la chini achana nalo, kodi Land Cruiser ya pale pale Mikumi, zile ambazo juu ziko wazi au panafunguka. Mkiwa watu sita saba mkachangishana inakuwa ya kawaida sana, ndo maana nasema tafuta wenzio wa ofisini au wa kwenye kikoba mwende pamoja. Ukipiga simu kuulizia bei uliza yafuatayo bila aibu, hiyo bei ni ya gari zima au ya kichwa, ni nusu siku au siku nzima, mafuta yamo, kiingilio cha gari na cha dereva kimo, mwongozaji yumo, na gari linafika kunichukua saa ngapi. Hilo la mwisho liwekeni kwa maandishi kabisa hata kama ni meseji. Safari yangu ya kwanza kuna watu tulikubaliana nao saa kumi na moja na nusu alfajiri wakaja saa mbili na nusu, wanacheka cheka eti wanyama hawaendi popote bosi, tumeingia jua kali tukazunguka tukaona makalio ya pundamilia tukarudi. Nililipa hela yote. Iliniuma sana na bado inaniuma maana nilikuwa nimemleta mama yangu, na mama hakupata nafasi nyingine ya kuja.

Muda wa mwaka. Mwezi wa sita mpaka wa kumi ndo wenyewe, majani yamekauka na kuinama, maji yamebaki sehemu chache, wanyama wanakusanyika hapo na wewe unajua pa kuwakuta. Masika, yaani mwezi wa tatu mpaka wa tano, pana uzuri wake, kijani kila mahali, ndege wengi na watoto wa wanyama, ila majani yanakuwa marefu simba anaweza kuwa amelala hatua kumi toka kwenye gari usimuone. Alafu njia nyingi za ndani zinaharibika. Sisi neno mbuga tumelizoea kwa maana ya hifadhi lakini wazee wakisema mbuga wanamaanisha ule uwanda wenye udongo mweusi wa mfinyanzi, na bonde la Mkata ambalo ndo moyo wa Mikumi ni mbuga kwa maana hiyo hasa, udongo ukilowa unanata kama ugali wa moto na ukizama pale unasubiri kuvutwa.

Malipo. Usije na hela taslimu ukategemea kulipa getini, unapewa kontroo namba unalipa kwa simu au kadi, kwahiyo weka salio la kutosha usiku wake, usije ukaanza kuhangaika na mtandao mkiwa foleni na jua ndo hilo linapanda. Mtanzania analipa kwa shilingi na ni hela ndogo sana ukilinganisha na mgeni anayelipa kwa dola, ila lazima uonyeshe kitambulisho, NIDA ndo haina maswali. Gari lenye namba za Tanzania nalo linalipiwa kwa shilingi kufuatana na uzito wake. Viwango vinabadilika kwahiyo angalia kwenye tovuti ya TANAPA wiki hiyo hiyo unayosafiri, alafu ukishapewa kibali kisome kinaisha saa ngapi, kuna watu wametoka kwenda kula mjini wakirudi wanaambiwa walipe upya.

Nguo, na hapa watu wanakosea sana kwa kutaka kupendeza kwenye picha. Mbung'o wanapenda rangi ya bluu iliyokolea na nyeusi, hata ile mitego yao ukiiona imetengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo hizo, sasa wewe unavaa jinzi na tisheti nyeusi alafu unalalamika Mikumi kuna wadudu. Ukikatiza kwenye msitu wa miombo mbung'o wanalifuata gari linalotembea na wanang'ata kupita kwenye nguo. Vaa kaki, kahawia, kijani iliyopauka, mikono mirefu. Sweta pia, alfajiri kwenye gari la wazi mwezi wa saba kuna baridi ya kweli. Maji mengi, kofia, darubini hata ya kuazima, chakula cha mchana mlichofunga wenyewe kwenye hotpoti au makontena maana mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchi nzima tangu Juni 2019 na huko ndo kabisa. Choo malizeni getini kila mtu hata asiyejisikia, watoto na wazee haswa, sababu huko ndani hushuki kwenye gari kwenda kichakani, narudia hushuki, hata kama hamjaona mnyama lisaa lizima.

Sasa simba.

Kosa nililofanya mara mbili za mwanzo na ambalo naona karibu kila gari linalifanya ni kumkimbilia. Dereva anaendesha haraka anapiga simu kwa wenzake, wako wapi wako wapi, abiria wote macho yanatafuta kitu kikubwa cha rangi ya kahawia kwenye uwanda mzima wenye rangi ya kahawia. Humuoni hivyo. Simba analala mpaka masaa 20 kwa siku, na akilala analala kweli, kajibwaga chini kabisa, kinachobaki juu ya majani ni ncha ya sikio. Wewe tafuta wale ambao maisha yao yanategemea kujua simba alipo. Swala pala wakiwa wanakula huku wametawanyika, vichwa chini, mikia inachezacheza, hapo hakuna kitu endelea. Wakiwa wamesimama wote wameganda wameelekea upande mmoja, simamisha gari, zima injini, fuata macho yao. Twiga ndo kiboko ya wote maana anaona mbali, twiga wawili watatu wakisimama wanaangalia sehemu moja dakika nzima hawatafuni kitu wewe usiondoke hapo. Nyani wakianza kubweka kule juu ya miti sikiliza. Tumbusi wakiwa wanazunguka angani ni jambo moja, ila wakiwa wamekaa juu ya mti hawashuki maana yake mara nyingi chini pana mzoga na mwenyewe bado yupo.

Alafu muda. Geti linafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, wewe uwe pale kabla halijafunguliwa, kila kitu kimelipwa. Mpaka saa tatu ndo dhahabu, baada ya hapo jua linawatuma vivulini, mnapumzika na nyie, mnarudi tena kuanzia saa kumi jioni. Kama usiku ulinyesha au kuna umande mzito angalia barabarani penyewe maana simba wengi hawapendi kutembea kwenye majani yaliyolowa, wanafuata njia ya gari kama sisi tu. Angalia vumbi. Unyayo wa simba ni mpana, vidole vinne na kile kisigino kikubwa nyuma, na hauna alama za kucha kwa sababu kucha zake zinarudi ndani anapotembea, ukiona alama za kucha huyo ni fisi au mbwa mwitu. Ukiona nyayo zimekaa juu ya alama za matairi ya jana ujue kapita usiku huu. Mwongozaji wetu mara ya tatu alisimamisha gari kwa ajili ya nyayo tu, akazitazama akiwa juu ya gari, akamwambia dereva twende taratibu sana na kila mtu anyamaze. Tulienda mwendo wa mtu anayetembea, kama robo saa hivi, mimi nimeshaanza kukata tamaa, alafu akanyoosha kidole kwenye kichuguu.

Nilidhani ni kichuguu tu. Kumbe juu yake amelala simba jike, mkono mmoja unaning'inia, rangi yake na ya ule udongo ni kitu kimoja kabisa, kinachomtofautisha ni shungi jeusi la mkia lilikuwa linapigapiga inzi. Hakutuangalia. Dereva akazima gari tukakaa, na baada ya muda kwenye majani chini ya kichuguu kikatoka kichwa kidogo, kikafuata kingine, watoto watatu bado wana madoa madoa miguuni, mmoja akapanda akaanza kuung'ata ule mkia wa mama yake na mama kila akiuvuta yeye anaurukia tena. Nilikuwa na kamera mkononi sikupiga picha hata moja, nilisahau. Tulikaa pale dakika 50, magari mawili yakaja yakapiga picha yakaondoka ndani ya dakika tano, hawakuwaona watoto.

Hiyo ndo nataka uielewe, ukishampata kaa. Zima injini, ongea kwa kunong'ona, simu weka kimya. Simba wa Mikumi wamezoea magari, gari zima wanaliona kama kitu kimoja kikubwa kisicho na shida nao, ila ukisimama ukatoa kiwiliwili nje, ukining'iniza mkono mlangoni au mtoto akipiga kelele unavunja lile umbo na sasa wewe ni kitu kingine. Mwangalie na yeye anasemaje. Masikio yakilala nyuma, mkia ukaanza kupiga kwa nguvu juu chini, akaunguruma kwa chini chini huku anakukazia macho, hapo umemkaribia kupita kiasi, mwambie dereva arudi nyuma taratibu. Na dereva akitaka kutoka nje ya njia akakanyage majani ili mpate picha ya karibu mkatazeni, nyie ndo mnalipa. Kuna safari dereva wa gari lingine aliingia katikati ya jike na watoto wake, yule mama akaondoka mbio na wale wadogo wakabaki kwenye majani wanalia, nasema wanalia kwa sababu ndivyo inavyosikika, na wale watu kwenye gari wanashangilia. Sijawahi kukasirika vile nikiwa mbugani.

Ukitaka kumjua umri angalia pua. Mdogo pua yake ni ya pinki, kadri anavyokua inaingia madoa meusi mpaka kwa mzee inakuwa nyeusi karibu yote. Watoto wanaupenda sana mchezo huu, wape darubini wabishane wenyewe.

Ila msiende kwa ajili ya simba peke yake, mtapoteza siku nzuri. Bwawa la viboko haliko mbali na geti, mwongozaji atawaonyesha mnaposhukia, kaeni pale na mamba wapo vilevile kwahiyo ukingoni kwenye maji hapana. Uwanda wa Mkata una makundi ya nyumbu, pundamilia, pofu na nyati, kwenye vichaka mkibahatika tandala mwenye zile pembe za kujiviringisha, na mbwa mwitu ambao wamebaki wachache sana duniani hapa bado wanaonekana, ukiwaona ujue umepata kitu ambacho watu wanavuka bahari kukitafuta. Ile miti mirefu yenye majani kama feni juu ndo mikumi yenyewe iliyoipa sehemu jina, wengine mnaiita mivumo.

Tembo mpeni heshima kuliko hata simba. Akitanua masikio, akatikisa kichwa, akapiga kelele, barabara ni yake, rudini nyuma, na kamwe msikae katikati ya mama na mtoto. Nyani nao kwenye sehemu za kulia chakula wana akili kuliko mnavyodhani, wanafungua milango ya magari, wanachukua hotpoti na kifuniko chake, msiwape chakula hata kwa mapenzi maana akizoea anakuwa mkorofi na mwisho wake unakuwa mbaya kwake.

Mkilala ndani usiku hakuna kutoka kwenda kokote bila askari, hata choo cha hatua kumi. Tochi iwe kitandani. Chakula kisiingie kwenye hema.

Gari likiharibika au likizama, kaeni ndani. Kabla hamjaingia chukueni namba ya simu ya geti mkaiandike kwenye karatasi, sio kwenye simu ambayo chaji itaisha kwa video, wanakuja.

Jumapili kama mna nguvu bado, mtu anaweza kushuka mpaka Udzungwa njia ya kwenda Ifakara, pale Mang'ula, kupanda kwa miguu maporomoko ya Sanje yenye urefu wa mita 170. Ila hiyo ni siku nzima peke yake na magoti yawe mazima.

Na kurudi ndo nilisema nitalirudia. Ondokeni mapema mkipite kipande cha hifadhi mchana. Malori na mabasi yanapita pale usiku kucha, na asubuhi unakuta barabarani swala, nyani, siku moja nilimkuta fisi na maziwa yake yamejaa, maana yake kuna watoto shimoni wanamsubiri. Kuna mabango ya spidi na kuna bango lenye orodha ya faini ya kila mnyama ukimgonga. Kama mnaendesha wenyewe shikeni 50, kama mko kwenye basi na dereva anakimbiza mwambieni, mkiwa watatu wanne mkipaza sauti anapunguza, nimeshafanya hivyo mara mbili na mara zote mbili alipunguza. Mara ya pili hata kilomita mbili hatujamaliza wakakatiza tembo tisa, mkubwa mbele na kadogo katikati kameshikilia mkia wa mama yake kwa mkonga, basi zima likanyamaza, konda mwenyewe akatoa simu akapiga picha.